Umetumwa na nani? Wafalme watatu wa Thebes, mwaguzi mmoja kipofu, na sisi

Mchokonozi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila tanzia za Wagiriki wa kale zinapotajwa humu, mjadala unaishia palepale: hatma. Oedipus aliandikiwa amuue baba yake na amuoe mama yake, akakimbia, akaangukia kulekule alikokuwa anakukimbia, kwa hiyo binadamu si kitu, tufunge uzi. Mimi nimezisoma hizi tamthilia kwa miaka sasa, na hatma naona ni jambo dogo humo ndani. Kinachonirudisha ni swali moja ambalo wakubwa wa tamthilia hizo wanaliuliza tena na tena, swali ambalo Mswahili yeyote amewahi kuulizwa au amewahi kuuliza: umetumwa na nani?

Kwanza mazingira, kwa wageni. Tunazungumzia Athene ya karne ya 5 KK. Kila mwaka majira ya machipuko ilifanyika sikukuu ya mungu Dionysus, na maelfu ya watu walikaa kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis kutazama tangu asubuhi. Watunzi watatu walishindana, kila mmoja na tanzia tatu, kisha mchezo mmoja wa utani wa kufungia. Gharama za korasi, lile kundi linaloimba na kuzungumza na wahusika, alitwishwa tajiri mmoja wa mji, ni wajibu wake. Waigizaji wote wanaume, wamevaa vinyago. Watunzi wa tanzia ambao tamthilia zao kamili zimetufikia ni watatu tu: Aeschylus, Sophocles na Euripides. Sophocles peke yake alitunga zaidi ya mia moja, zimebaki 7.

Na hadhira ilikuwa inaijua hadithi kabla ya kukaa. Walikwenda kumtazama mtu asiyejua, waone atajibu nini akiambiwa.

Basi twende Thebes. Mji una tauni. Oedipus, aliyepewa ufalme kwa sababu alitegua kitendawili cha lile zimwi Sphinx, amemtuma shemeji yake Creon kwa mungu Apollo, kwenye uaguzi wake kule Delphi. Jibu linarudi: muuaji wa mfalme aliyetangulia, Laius, yumo humuhumu, mtoeni. Oedipus anamlaani muuaji hadharani, pamoja na yeyote atakayemficha. Kisha anaitwa Tiresias, mwaguzi kipofu. Mzee anafika, anatambua anachotakiwa kusema, anaomba arudishwe nyumbani. Hasemi. Oedipus anamtukana mpaka uzalendo unamshinda: unayemtafuta ni wewe.

Angalieni jibu sasa. Huyu ndiye mwenye akili kuliko wote mjini, na siku hiyo hana kazi nyingine ila uchunguzi. Lakini hajiulizi hata kidogo kama neno hili laweza kuwa kweli. Anauliza: haya ni ya kwako au ya Creon? Mistari michache baadaye keshajenga kesi nzima. Shemeji anautaka ufalme, amemleta mganga njaa mwenye macho kwenye faida tu, wote wawili ni kundi moja. Creon anakuja kujitetea kwa hoja safi kabisa: mimi nina heshima ya mfalme bila kukosa usingizi wa mfalme, kiti nakitakia nini? Nenda Delphi mwenyewe ukaulize kama nimeleta jibu tofauti. Njia ya kuhakikisha ipo, imewekwa mezani. Oedipus anasema anataka Creon afe.

Ruka kwenda Antigone, ambayo Sophocles aliiigizisha karibu mwaka 441 KK. Sasa Creon mwenyewe ndiye mtawala. Ameamuru maiti ya Polyneices, mpwa wake aliyeuvamia mji, isizikwe. Mlinzi anakuja anatetemeka: kuna mtu ameinyunyizia maiti udongo. Korasi ya wazee inasema kwa upole, huenda ni kazi ya miungu. Creon anawaka. Jibu lake? Pesa. Kuna wasionipenda mjini, wamewahonga walinzi. Anatoa hotuba nzima jinsi fedha inavyobomoa miji na kuwafundisha wema uovu. Mlinzi masikini ya Mungu hajala hata senti. Baadaye anakuja Tiresias, yuleyule, anamwambia ndege na mbwa wanaeneza mizoga kwenye madhabahu, mzike huyu mtu, kukosea ni kwa watu wote. Creon: ukoo mzima wa waaguzi unapenda fedha.

Hivi huyu si ndiye Creon aliyeshutumiwa kumtuma mwaguzi katika kisa kinachotangulia? Sophocles alitunga Antigone kabla ya Oedipus, kwa hiyo si mwendelezo wa moja kwa moja. Lakini ukizisoma kwa mpangilio wa kisa, inauma.

Ya tatu ni ya Euripides, Bacchae, iliyoigizwa mwaka 405 KK mtunzi akiwa ameshafariki. Thebes tena. Mfalme kijana, Pentheus, anamkuta babu yake pamoja na Tiresias wamevaa kwa ajili ya ibada ya mungu mpya Dionysus. Hamuulizi kwa nini. Anajua tayari: unamleta mungu mpya ili uongeze malipo yako ya kutazama ndege na kafara. Anaamuru kiti cha uaguzi cha mzee kikabomolewe.

Watunzi wawili, miongo kadhaa kati yao, mji uleule, kipofu yuleyule, shutuma ileile. Wafalme hao si wajinga wala si wakatili tangu mwanzo. Oedipus anaupenda mji wake kwelikweli. Creon anaanza na hotuba ambayo ungempa kura. Pentheus anataka utaratibu. Kila mmoja ana sifa anayosifiwa nayo, na kila mmoja akiguswa pale kwenye sifa yake anageuka kutazama mdomo uliosema badala ya neno lililosemwa.

Msiniambie hayo ni ya wafalme. Nani hapa hajawahi kumwambia mwenzi wake "hayo si maneno yako, umejazwa"? Nani hajatoa hoja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kuhusu michango ya msiba, akaulizwa yuko upande wa nani? Ukishamwambia mtu ametumwa, huna tena kazi ya kujiangalia. Ndiyo raha yake.

Karibuni.

Kijana wa Temeke

Mkuu umetuandikia gazeti, ila nimelimaliza.

Swali langu: si kweli wengine wanatumwa? Nchi hizi zetu, mtu akija na hoja nzuri sana ghafla, lazima ujiulize nani yuko nyuma yake. Oedipus alikuwa mfalme mgeni, aliingia kwenye kiti cha mtu aliyeuawa na hakuna aliyekamatwa. Mimi ningekuwa yeye ningemshuku shemeji kwanza.

Mchokonozi

Kijana wa Temeke alisema: "si kweli wengine wanatumwa?"

Kweli kabisa, na hapo ndipo Sophocles anapokuwa mjanja. Mtazame Haemon, mtoto wa Creon. Ni mchumba wa Antigone, binti aliyehukumiwa kwa kumzika kaka yake. Ana maslahi waziwazi, huhitaji kuchunguza. Anamwendea baba yake kwa adabu zote, anamwambia: mji unanong'ona gizani, wanamlilia yule binti, kwako wanaogopa kusema. Creon anasema, sisi wa umri huu tufundishwe na mtoto wa umri huu? Haemon anajibu, usitazame miaka yangu, tazama ninachosema. Wanaendelea mpaka Creon anasema mji ni mali ya mtawala, na mwanawe anamwambia basi ungetawala vizuri sana jangwani peke yako. Mwishoni Creon anamwita mtumwa wa mwanamke.

Sasa, Haemon ana maslahi? Anayo. Alichosema kuhusu mji ni kweli? Ni kweli, na mwishoni wazee wenyewe wanamgeukia Creon. Mtu anaweza kuwa ametumwa na bado akawa amebeba barua ya kweli. Creon alitakiwa atoke nje asikilize. Hakutoka.

Msafiri wa Lamu

Ndugu mleta uzi, assalaam aleikum. Nimekufuata vizuri lakini umeipiga teke hatma upesi mno. Oedipus hakuulizwa kama anataka kuzaliwa. Kabla hajatia neno kinywani ameshatabiriwa. Hata angemsikiliza mwaguzi kwa adabu, baba ameshakufa na mama ameshazaa naye watoto wanne. Kusikiliza kungemsaidia nini? Wewe umechukua dosari ya tabia ukaibandika juu ya jambo ambalo Wagiriki wenyewe waliliona ni la miungu.

Mwalimu Fasihi

Naingilia kidogo, hili nalifundisha.

Msafiri yuko sahihi kwamba Apollo hakwepeki. Lakini tazameni utabiri ulisema nini na haukusema nini. Ulisema atamuua baba na kumuoa mama. Hayo yote yametokea kabla tamthilia haijaanza, miaka mingi nyuma. Haukusema ataitisha uchunguzi, wala kwamba atalaani kabla ya kujua anayemlaani. Wala kujitoboa macho kwa pini za nguo za mkewe. Kila tunachokiona kikitendeka jukwaani amekitenda mwenyewe, kwa haraka zake na kwa ujasiri wake. Anapotoka haoni, korasi inamuuliza ni mungu gani alimsukuma, naye anajibu kwamba mateso haya ni ya Apollo, lakini mkono uliopiga ni wangu.

Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi huruka. Oedipus alipokuwa kijana Korintho, alikolelewa, mlevi mmoja kwenye karamu alimwambia wewe si mtoto wa baba yako. Akawauliza wazazi, wakakasirika, akaridhika nusu. Akaenda Delphi kuuliza. Mungu hakujibu swali la wazazi ni nani, akampa ule utabiri wa kutisha. Na Oedipus akaliacha swali lililompeleka! Alitoka pale bado hajui baba yake ni nani, akiwa ameambiwa atamuua baba yake, na njiani, penye njia panda, akagombana na mzee mmoja garini akamuua pamoja na watu wake. Kisha akamuoa mjane wa mfalme. Ningekuwa mimi nimeambiwa maneno yale, kila mwanamume mwenye mvi ningempisha njia.

La pili ni hesabu ya majambazi. Shahidi pekee aliyeponyoka kwenye mauaji ya Laius alisema waliowavamia walikuwa wengi. Oedipus anapoanza kuogopa ananing'inia hapo: kama bado anasema wengi, si mimi, kwa sababu mmoja hawezi kuwa wengi. Shahidi anatumiwa watu aletwe kwa ajili ya swali hilo moja. Anafika. Hakuna anayemuuliza. Wakati huo mazungumzo yameshahamia kwenye swali lingine, la mtoto wa Laius aliyetupwa mlimani akiwa kichanga, na jibu la hilo linatosha. Nimeisoma mara nyingi, na bado inanishangaza jinsi mtunzi alivyoacha swali lile likapotea, kama linavyopotea kwenye vichwa vyetu tukishajua jibu.

Mama Pendo

Mmekaa hapo na wafalme wenu tu. Na wanawake wanaojua?

Jocasta, mjane wa Laius aliyeolewa na Oedipus, anajua kabla yake. Mjumbe wa Korintho anapoeleza jinsi alivyopewa kile kichanga, yeye ameshamaliza hesabu. Anamwomba mumewe, kama unaupenda uhai wako usitafute zaidi. Naye anaelewaje? Anadhani mkewe anaona aibu huenda ameolewa na mtoto wa watumwa! Mpaka mwisho anadhani mama wa watu ana tatizo la majivuno. Huyo hakumuuliza ametumwa na nani, alimwona ni mwanamke tu.

Na Medea, yule wa tamthilia ya Euripides, je? Hapo nadharia yako mleta uzi inapwaya. Medea hakuna asichokijua. Mumewe Jason amemwacha ili amuoe binti wa mfalme wa Korintho, naye kwa ajili ya huyo mwanamume alishaisaliti nyumba ya baba yake. Jason anamjia na hotuba kwamba ndoa mpya ni kwa faida yake yeye na watoto, tena ashukuru kwa kuletwa Ugiriki kwenye ustaarabu. Tunawajua wa hivyo. Medea anawaambia wanawake wa korasi ni heri asimame na ngao vitani mara tatu kuliko kuzaa mara moja, na maneno hayo yalitamkwa na mwanamume ndani ya kinyago, mwaka 431 KK, mbele ya hadhira iliyojaa askari. Euripides akashika nafasi ya mwisho mwaka huo.

Lakini kabla ya kuwaua wanawe anasema waziwazi: naelewa ubaya ninaokwenda kuufanya, ila hasira yangu ina nguvu kuliko mashauri yangu. Hakuna mjumbe aliyemkataa. Mwaguzi ni yeye mwenyewe. Sasa huyo unamweka wapi?

Mchokonozi

Mama Pendo, simweki popote, na sitajaribu kumbana aingie kwenye uzi wangu kwa nguvu. Oedipus ni ugonjwa wa kutojua, Medea ni ugonjwa wa kujua na kutenda hivyohivyo, na mimi naona huu wa pili unatutisha zaidi kwa sababu tunaufahamu kwa karibu. Daktari wa mapafu anavuta sigara.

Jambo moja nikuulize. Wale wanawake wa korasi wameahidi kukaa kimya tangu mapema, kabla hawajajua ni nini. Wanapojua, wanamsihi. Watoto wanapopiga kelele ndani, wanajiuliza kama waingie. Hawaingii. Wewe unawaonaje?

Mama Pendo

Nawaona kama majirani. Kila mtaa unao. Watakuja kwenye msiba na sufuria.

Sajini Mstaafu

Habari za humu ndani. Mimi si mtu wa vitabu sana, kijana wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu. Nataka kuuliza kuhusu yule askari Ajax, kwa sababu niliwahi kusikia redioni kwamba Marekani wanawasomea wanajeshi wao kisa chake.

Mwalimu Fasihi

Shikamoo mzee wetu.

Ulisikia sawa. Ni mradi wa Bryan Doerries, ulianza mwishoni mwa miaka ya 2000. Waigizaji wanasoma Ajax ya Sophocles mbele ya wanajeshi na familia zao, bila mapambo wala jukwaa kubwa, kisha hadhira inazungumza. Ajax ni shujaa wa pili kwa Achilles katika jeshi la Wagiriki kule Troia. Achilles anakufa, silaha zake anapewa Odysseus. Ajax anaona amedhalilishwa baada ya miaka yote ile. Usiku anatoka kwenda kuwaua makamanda wake mwenyewe, mungu Athena anamvuruga akili, anachinja ng'ombe na kondoo wa jeshi akidhani ndio wao. Asubuhi anaamka katikati ya mizoga. Aibu inamwelemea. Mwenzi wake Tecmessa anamsihi, ana mtoto mdogo, hasikii, na anajiua.

Sophocles alijua anachokiandika. Mwenyewe alichaguliwa kuwa jenerali pamoja na Pericles, kiongozi mkubwa wa Athene, wakati wa vita vya Samos, na wanaume wengi wa hadhira yake walikuwa wameshika mikuki.

Sajini Mstaafu

Marahaba mwalimu.

Mimi kinachonigusa hapo ni yule mama. Askari tunajuana sisi kwa sisi. Anayeamka naye usiku ndiye anayeona kwanza kwamba mtu hayuko sawa, naye ndiye wa mwisho kuulizwa. Huyo Tecmessa anasema nini?

Mwalimu Fasihi

Ndiye anayetueleza usiku wote ulivyokwenda, mzee. Alimuuliza Ajax anakwenda wapi na upanga saa hiyo, jeshi zima limelala. Ajax akamwambia: mwanamke, kwa wanawake pambo ni kunyamaza.

Na tazama Odysseus. Athena anamwonyesha adui yake amerukwa na akili, anamwambia cheka, si raha kumcheka adui? Odysseus anasema namhurumia, kwa sababu nikimwona yeye najiona na mimi, sote tuliohai ni vivuli tu. Mwishoni makamanda wanataka maiti ya Ajax itupwe, na Odysseus, aliyeshindana naye, ndiye anayepigania azikwe. Ni mmoja kati ya wachache sana katika tanzia zote wanaomtazama mtu mwingine na kujifunza kuhusu nafsi yao bila kulipia kwanza.

Mbishi Daima

Nimekaa pembeni nasoma, sasa niwasumbue.

Hawa Waathene waliziona tanzia hizi kila mwaka. Kila mwaka! Zilitungwa na watu wao, kwa lugha yao, zikiwahusu wao. Ziliwafundisha nini? Majira ya baridi ya 416 kuingia 415 KK waliuteka mji wa Melos, wakaua wanaume, wakauza wanawake na watoto utumwani. Machipuko ya 415 Euripides akawaletea Wanawake wa Troia, jukwaa zima limejaa wanawake mateka wanaogawanywa kwa mabwana wapya, mtoto anatupwa kutoka ukutani. Mji ukakaa, ukatazama, pengine ukalia. Ukampa zawadi ya pili. Kiangazi cha mwaka huohuo wakapakia meli kwenda kuivamia Sicily. Kufika 413 msafara wote umeangamia.

Kwa hiyo mkituambia tanzia za Wagiriki zinaweza kumfundisha mtu wa leo ajijue, nauliza: mbona hazikumfundisha Mgiriki?

Kijana wa Temeke

Duh. Naweka kambi hapa.

Mchokonozi

Mbishi, umeuliza swali zuri kuliko uzi wenyewe.

Nianze na ushahidi unaokuunga mkono. Mwaka 494 KK Waajemi waliuteka Mileto, mji wa ndugu zao Waathene. Mtunzi Phrynichus akatunga tanzia kuhusu jambo hilo. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba hadhira nzima ilibubujikwa na machozi, kisha mji ukampiga faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha misiba yao, na ukaamuru mchezo ule usiigizwe tena na mtu yeyote. Mji wenyewe ni Creon. Unalia, halafu unamtoza faini aliyekuliza.

Baada ya hapo watunzi walijifunza kuzunguka. Tanzia karibu zote tulizonazo zinafanyika Thebes, Argos, Korintho, Troia, zamani sana, kwa watu wengine. Aeschylus alipothubutu kuweka vita vya juzijuzi jukwaani, mwaka 472 KK, miaka 8 tu baada ya ushindi wa Salamis, aliipeleka hadithi yote Uajemi, kwenye jumba la walioshindwa. Yeye mwenyewe alipigana Marathon. Korasi ni wazee wa Kiajemi wanaotaja majina ya wafu wao, mama wa mfalme anasubiri habari, na Mwathene ameketi kwenye mteremko anamsikiliza adui yake akiomboleza kwa beti nzuri kuliko zake. Walimpa ushindi. Aliyegharamia korasi alikuwa Pericles akiwa kijana.

Sasa Sicily. Unakumbuka mwanahistoria Thucydides anavyoeleza kikao kilichopitisha safari ile? Jenerali Nicias alisimama akapinga, akataja ukubwa wa gharama akitumaini wataogopa, wao wakazidi kuchangamka. Kisha Thucydides anaandika kwamba kwa sababu ya shauku ya walio wengi, waliokuwa hawataki waliogopa kwamba wakipiga kura ya kupinga wataonekana hawautakii mji mema, wakanyamaza.

Hilo ni kundi zima la watu waliojua wataulizwa nani amewatuma. Tanzia haikuwazuia, nakubali. Ila ndiyo iliyokuwa imeshawaonyesha, kwa zaidi ya miaka 25 kabla ya kikao kile, kwa mdomo wa Haemon, jinsi mji unavyonong'ona gizani wakati mbele ya mkubwa hakuna anayefungua kinywa.

Mbishi Daima

Kwa hiyo walionyeshwa na haikusaidia. Umenijibu au umeniongezea risasi?

Mchokonozi

Nimekuongezea. Mimi sijasema tanzia ni dawa. Aristotle alisema inaleta huruma na hofu na kuvisafisha, na watu wanabishana mpaka leo alimaanisha nini. Plato aliona inaharibu watu na washairi waondolewe mjini. Mimi nadai dogo zaidi: nikishamwona Creon akimwambia mlinzi asiye na hatia "umehongwa", inakuwa vigumu kidogo kwangu kulisema hilo kesho bila kujisikia. Kidogo tu. Naweza bado kulisema.

Mwalimu Fasihi

Kuna Mwafrika mmoja aliyelipima jambo hili kwa njia nyingine. Wafungwa wa Robben Island waliigiza Antigone, na Nelson Mandela akaigiza Creon. Ameeleza katika kumbukumbu zake. Mfungwa wa kisiasa, amefungwa kwa kuvunja sheria dhalimu, sehemu yake ya kawaida ingekuwa Antigone au Haemon. Akaigiza mtawala asiyesikiliza. Aliona Creon mwanzoni ana busara na mapenzi ya nchi, na anaanguka kwa kukosa huruma na kwa ukaidi wake. Kujifunza maneno ya Creon kwa moyo ukiwa gerezani, miongo kadhaa kabla ya kukabidhiwa nchi, hiyo ni shule ya aina yake.

Mbishi Daima

Hilo la Mandela nalikubali kwa shingo upande. Na mwandishi wa kale Plutarch anasema baadhi ya mateka wa Kiathene kule Sicily walipewa chakula na maji kwa kuwaimbia wenyeji beti za Euripides. Kwa hiyo tanzia iliwasaidia wachache, ingawa si kwa namna mnayoisema nyie.

Msafiri wa Lamu

Nimecheka. Sasa sisi tusiosoma Kigiriki tuanzie wapi? Kwa Kiswahili kuna kitu?

Mwalimu Fasihi

Oedipus ipo, Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi. Ni ya zamani, utaitafuta kwenye maktaba na kwa wauza vitabu vya mitumba. Nyingine wengi wetu tunazisoma kwa Kiingereza.

Mimi ningeanza na Antigone, ni fupi, unaimaliza jioni moja. Isome kwa sauti, mgawane sehemu nyumbani, na sehemu ya Creon mpe mtu mnayemheshimu, si mnayemcheka. Ukifika mwisho tazama jambo moja dogo. Creon hatimaye anasikiliza. Tiresias ameondoka, anaogopa, anawauliza wazee nifanye nini, na wazee wanampa jibu kwa mpangilio: mtoe binti pangoni alikofungiwa, kisha mjengee maiti kaburi. Anakubali. Anakwenda. Ila anaanza na maiti, anaiosha, anaichoma, anaijengea kaburi refu la udongo, ndipo anakwenda pangoni, na huko Antigone ameshajinyonga na Haemon anamlilia. Amesikiliza kila kitu isipokuwa kipi kinatangulia.

Mama Pendo

Walio hai wangoje, maiti kwanza. Huyo angekaa vizuri sana kwenye kamati za ukoo wetu.